Mrejesho: joto la chumba cha mama, Njombe

Wakuu, shikamooni na asanteni. Mwezi wa tano niliuliza ninunue nini baada ya hita yetu kuungua, mama akawa ameanza kulala na jiko la mkaa chumbani. Mlionikemea mlikuwa sahihi. Ile hewa ya mkaa haina harufu, inaua mtu usingizini. Jiko lilitoka siku ileile.

Nilitaka hita nyingine ya wati 2,000, lakini hiyo inakula uniti 2 kila saa. Fundi akanishauri kiyoyozi cha inveta kinachopoza na kupasha: hakizalishi joto, kinalivuta kutoka nje na kuliingiza ndani, kwa hiyo kwa umeme uleule unapata joto maradufu au zaidi. Bei ya kununua ilituuma kweli. Tumefunga kimoja tu, chumbani kwa mama, baada ya kuziba mwanya wa chini ya mlango kwa mpira.

Asubuhi moja ya Julai, jalidi nje, mashine ilisimama ghafla, ikafuka mvuke, maji yakachuruzika ukutani. Moyo ukanipasuka. Kumbe inayeyusha barafu iliyoganda kwenye kile kipande chake cha nje. Baada ya dakika chache ikaendelea.

Mama sasa anavua kofia akilala.