Muuza marumaru kaniambia marehemu mama yangu HATAJUA

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule muuza mawe wa hapa Morogoro, mnamjua nyote, anayeapa kabla hujauliza bei. Nimempa laki tisa aniletee marumaru nyeupe, jiwe la mkoani kwetu, la kujengea kaburi la mama. Leo fundi kavunja ncha: ndani udongo mwekundu. Kigae! Nikakamulia ndimu palipovunjika, maana marumaru ni ndugu wa chokaa, ikiguswa na ndimu inatoa povu. Kimya. Ndimu imetulia kama nayo imefiwa.

Nikarudi dukani. Akanijibu mbele ya wateja: "Marehemu atajuaje?"

Marehemu atajuaje! Mama aliyesugua terazo za watu, zile sakafu za kokoto na saruji, kwa magoti miaka yote, angeitambua marumaru gizani kwa kisigino, leo hatajua? Hela atarudisha, hilo halina mjadala. Lakini hilo neno nimepanda nalo daladala, nimeshuka nalo, liko hapa mezani linanitazama. Atajuaje!

Mluguru_Halisi: Pole sana ndugu. Mimi nilimwagiza kokoto nyeupe za terazo, kaniletea kokoto za kawaida kazipaka chokaa. Mvua ya kwanza tu, weupe wote mtaroni.

Mzee_wa_Msamvu: Mleta uzi umezidi. Dukani ukitaja marumaru unapewa tailizi, nani hajui? Ungesema jiwe.

Mleta uzi: Nilisema JIWE. Mara tatu. Na yeye akasema marehemu atajuaje.

Fundi_Sakafu: Ukipata la kweli, usilikamulie ndimu usoni, linababuka na alama haitoki kwa kuosha. Wateja wanaosha sakafu kwa siki, lawama kwa fundi. Mmoja hajanilipa tangu Pasaka.

Mzee_wa_Msamvu: Wewe si ndiye ulitoroka na mashine ya kusagia sakafu, sebule yangu nusu inang'aa nusu inachubua miguu?

Fundi_Sakafu: Umeme ulikatika bosi!

Mzee_wa_Msamvu: Miezi minne?

Wa_Mahenge: Mnalilia sakafu nyie. Kwetu spineli nyekundu, vito vya thamani, zinatoka kwenye marumaru hiyohiyo, 2007 yalitoka mawe makubwa mpaka dunia ikashangaa. Sasa mnunuzi anakuja, analigeuza jiwe lako mara mbili, "hiki kioo", anakupa nauli.

Mluguru_Halisi: Nauli ya kufika Moro au ya kuishia Ifakara?

Wa_Mahenge: Ile barabara usiniguse nayo leo.