TB 2 kwenye boksi, TB 1.81 kwenye kompyuta: wanunuzi wa diski tunapunjwa kwa alama moja yenye vipimo viwili

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi ya kupiga na kuhariri video hapa Arusha, na wiki iliyopita nimeaibika mbele ya mteja kwa sababu ya herufi mbili zilizochapwa kwenye boksi la diski. Video za safari yake ya siku tisa mbugani zilifika GB 1,900 kwa hesabu ya kompyuta yangu ya Windows, nami nikaenda mjini kununua diski ya nje ya TB 2, yaani GB 2,000, nikiamini kwamba kazi yote itaenea na nafasi kidogo itabaki. Nilinakili folda moja baada ya nyingine usiku kucha. Saa kumi na moja alfajiri, nilipofikia folda ya mwisho, ile ya Ngorongoro, kompyuta ilinigomea kwamba nafasi haitoshi. Zilipungua takribani GB 38. Mteja alikuwa na ndege uwanja wa KIA asubuhi hiyohiyo, akaondoka na siku nane badala ya tisa.

Nilirudi dukani na kusema, mbele ya wateja wengine, kwamba nimeuziwa feki. Muuzaji alinijibu kwamba nafasi iliyopungua "imeliwa na mfumo", na fundi wa duka la jirani akashikilia kwamba imepotea wakati wa kufomati, yaani kuiandaa diski ipokee mafaili. Majibu yote mawili ni ya uongo, ingawa naamini waliyatoa kwa nia njema, kwa kuwa nao waliambiwa hivyohivyo. Kufomati hula sehemu ndogo mno ya diski, haiwezekani ile karibu GB 140.

Ukweli niliuona nilipofungua dirisha la sifa za diski ile. Kwenye mstari wa ukubwa wote kuna namba ndefu ya baiti (vipande vidogo vinavyohesabiwa kupima data), trilioni mbili na ushee, na pembeni yake, mstari huohuo, imeandikwa TB 1.81. Kumbe diski haikupungukiwa hata baiti moja. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, kama kilo na kilomita zinavyohesabiwa, hivyo terabaiti yake ni baiti trilioni moja kamili. Windows hugawa kwa 1,024, mara nne mfululizo, hivyo terabaiti yake ni baiti 1,099,511,627,776, lakini huiandika kwa herufi zilezile za TB. Kwenye kilobaiti tofauti ni asilimia 2.4 tu, ndiyo maana zamani hakuna aliyelalamika. Kwenye gigabaiti imefika asilimia 7, na kwenye terabaiti inakaribia 10. Kadiri diski zinavyokua, ndivyo pengo linavyopanuka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo tangu mwaka 1998, pale IEC, chombo cha kimataifa cha viwango vya umeme na elektroniki, kilipotoa majina ya pekee kwa hesabu ya 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, zenye alama KiB, MiB na GiB. Apple nao, mwaka 2009, waliamua kompyuta zao zionyeshe ukubwa wa diski kwa hesabu ya elfu, ikalingana na boksi. Windows haijafanya lolote kati ya hayo mawili. Hata ndani ya kompyuta mpakato moja, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 ni baiti 8,589,934,592, ilhali GB 8 za flashi iliyochomekwa ubavuni mwake ni bilioni nane tu. Nani atamweleza hayo mama aliyekuja kununua flashi ya kuhifadhia picha za kipaimara cha mwanawe?

Sokoni Kilombero mkulima akifungashiwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, tunapiga kelele, na sheria imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, kwa sababu gunia lisilo na kipimo kimoja humwumiza mmoja wa wawili wanaouziana. Sioni kwa nini diski ya mamia ya maelfu ya shilingi iwe na kilo mbili tofauti na mnunuzi aambiwe kuwa nyingine imeliwa na mfumo.

Wenye maduka, acheni kurudia jibu hilo. Andikeni kwenye risiti, chini ya TB 2, kwamba Windows itaonyesha TB 1.81; kwa diski ya TB 1 andikeni GB 931, na kwa ya TB 4 andikeni TB 3.63. Haiwagharimu chochote. Mwenye duka Arusha au Moshi ambaye tayari anafanya hivyo ajitokeze hapa, maana mwezi ujao nahitaji diski nyingine mbili na pale nilikonunua ile sirudi.