Rupia mbili, ya buluu na ya kijivu: ipi rangi yake ni ya umri?

Mwanjelwa_Junior: Wakuu, keshokutwa natakiwa nitoe jibu. Kuna rupia mbili za Mjerumani, sarafu za fedha za enzi ya ukoloni wake huku kwetu: ya 1890 ina buluu na zambarau kama petroli juu ya maji, ya 1905 ni kijivu, ukingoni karibu nyeusi. Muuzaji anasema zote ni rangi ya umri. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Heller: Kamwene. Umeuliza nusu swali, mwanangu. Bei? Uzito? Ya 1905 ina herufi A au J, alama ya kiwanda kilichoipiga? Na picha ziko wapi?

Mwanjelwa_Junior: Shikamoo mzee. Ya 1890 laki mbili na nusu, ya 1905 laki na thelathini, ina J. Sijapima. Picha hizi hapa, nilipiga usiku chini ya tyubulaiti.

BintiTukuyu: Chini ya tyubulaiti fedha yoyote inaonekana ya buluu. Rudia mchana, kivulini karibu na dirisha, ukiinamisha sarafu kidogo kidogo. Kisha ipeleke kwa sonara aipime: rupia moja ni gramu 11.66, upana milimita 30.5 hivi, fedha asilimia 91.7. Iliyotumika hupungua kidogo. Ikipungua gramu nzima, iache.

Mzee_wa_Heller: Rangi ya umri ni utando wa salfaidi, yaani fedha iliyoungana na salfa. Salfa inatoka hewani, kwenye bahasha za kaki, kwenye mpira wa kufungia noti. Utando ukinenepa rangi inapanda kwa zamu: manjano hafifu, kahawia nyekundu, zambarau, buluu, halafu inapauka na kuanza tena na manjano, na mwisho wa safari ni kijivu hadi nyeusi. Kwa hiyo ukiona buluu, tafuta zambarau na manjano pembeni yake. Buluu iliyopakana moja kwa moja na fedha nyeupe itilie shaka sana. Kijani nacho ni cha mzunguko wa pili, hakitokei kwenye utando mchanga. Angalia pia kuzunguka herufi za jina la Kaiser, yule mfalme wa Wajerumani: mara nyingi pale rangi ya asili huwa nyepesi zaidi, ila ya kupaka hujikusanya humohumo kwenye kona.

FundiWaSoko: Mnamchosha kijana. Achukue ya bei rahisi aisafishe. Maji ya moto, kijiko cha magadi, karatasi ya alumini chini ya bakuli. Dakika mbili weusi umeisha, na hajasugua.

BintiTukuyu: Fundi, na heshima zote, hiyo ni ya vijiko na bangili. Alumini inairudisha salfaidi kuwa fedha, ni kweli, lakini haiurudishi uso ulivyokuwa. Unabaki na weupe uliokufa, na ule mwale unaozunguka usoni ukiinamisha sarafu haupo tena. Kijivu cha 1905 kisiguswe.

FundiWaSoko: Wateja wangu wanataka ing'ae.

BintiTukuyu: Wateja wako wanavaa shingoni.

Kihesa_Juu: Kuhusu hiyo ya buluu, niwape habari ya rupia ya 1891 iliyozunguka sana hapa Iringa. Buluu tupu, iliuzwa kama mali ya sanduku la babu. Chini ya lenzi ya mara kumi kukaonekana mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, alama ya majivu au mchanga wa kusugulia masufuria, na rangi imeingia ndani ya mistari. Maana yake ilisuguliwa kwanza, ikapata rangi baadaye. Juu ya kofia ya Kaiser, ukingoni, palikuwa na doa la kijivu lisiloshika rangi: risasi ya kulehemu. Iliwahi kuwa kidani. Mnunuzi akaizamisha kwenye asetoni, buluu ikabaki, akatangaza kwamba ni ya asili. Hapo ndipo wengi wanapotea. Asetoni inaondoa mafuta, vanishi, gundi, kiwi ya viatu na lami ya moshi wa jikoni. Salfaidi haiigusi, iwe ya miaka themanini au ya kiini cha yai la kuchemsha lililofungiwa nayo koponi.

Mwanjelwa_Junior: Asetoni si ile ya kutolea rangi ya kucha?

Kihesa_Juu: Hapana, ile ina mafuta na manukato. Nunua safi kwenye duka la kemikali za maabara. Tumia glasi, usitumie plastiki. Dakika tano hadi kumi, suuza kwa asetoni mpya, iache ikauke yenyewe, usifute. Na iwe mbali na moto!

Kabwe_Stendi: Mimi ningeacha zote mbili. Tafuta heller 20 za Tabora za 1916, sarafu ndogo kwa thamani kuliko rupia, za shaba au shaba njano. Hazina mambo ya buluu.

BintiTukuyu: Zina mabaya zaidi. Unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta ni kloridi inayokula shaba, na kwa unyevu wa Tukuyu haupumziki. Kutu ya kijani iliyokauka ikawa ngumu, hiyo sina ugomvi nayo.

Kabwe_Stendi: Weka silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwenye kopo.

BintiTukuyu: Na kila ikilowa uikaushe upya. Nani anakumbuka?

Mwanjelwa_Junior: Nimeinamisha ya 1890 mchana. Mwale upo upande wa tai lakini kwenye uso wa Kaiser haupo. Ya 1905 unaonekana kidogo chini ya kijivu. Gramu 11.52 na 11.61.

Mzee_wa_Heller: Tai gani? Rupia ya 1890 nyuma ina simba na mnazi. Hebu weka picha ya upande huo kabla hujatoa hata senti.

Kabwe_Stendi: Huyo muuzaji bado ana zile heller 5 kubwa za shaba za 1908?