Mdogo wangu ana ugonjwa wa kongosho na hajawahi kunywa pombe, je hii inarithiwa?

MamaZai_Ujiji
Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie maana nimechoka kulala na hili jambo kichwani. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, tumbo la juu linamsumbua tangu yuko darasa la sita, linamshika siku tatu nne halafu linaachia miezi, likishika anatapika na maumivu yanapiga mpaka mgongoni. Tumehangaika na vidonda vya tumbo, minyoo, taifodi, dawa zote kameza. Mwaka huu ndo kapigwa CT skani tukaambiwa kongosho limeharibika na lina mawe ndani, ni ugonjwa wa muda mrefu. Swali la kwanza waliloliuliza hapo hospitali ni pombe, na akisema hanywi hawamwamini, mpaka analia. Mimi nimemlea huyu mtoto, gongo hajawahi kuionja. Sigara ndo anavuta, alianzia kwenye mitumbwi ya dagaa.

Kinachonitisha ni kwamba marehemu baba alikuwa hivi hivi, likimpata anakaa kwenye mkeka ameinama mbele kakumbatia mto, mwishoni akakonda akapata na sukari. Mama anaamini ni mkono wa mtu. Mi nauliza, inaweza kuwa iko kwenye damu yetu? Na wanangu wawili je?

Mwandiga_Kwetu
Pole sana dada. Mi nilisikia ni muhogo, ile sumu yake inakula kongosho, na sisi huku ugali wa muhogo ndo chakula. Mpunguzieni kwanza.

Tabibu_Kaliua
Dada pole, na mwambie mdogo wako kuna mtu huku Tabora anamwamini. Pombe ni sababu kubwa kweli lakini sio ya pekee, na mtu aliyeanza kuumwa darasa la sita, baba naye aliumwa, hapo historia ya ukoo ndo ya kuuliza kabla ya chupa.

Ndugu wa Mwandiga, habari ya muhogo ilitokana na ugonjwa huu kuonekana sana Kerala kule India ambako wanakula muhogo mwingi. Ila umeonekana pia sehemu wasikokula muhogo kabisa, na wanaokula kila siku wengi hawaugui. Walipokuja kupima vinasaba vya wagonjwa wa India na Bangladesh wakakuta wengi wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa SPINK1. Muhogo ulowekwe na ukaushwe vizuri kama mama zetu wanavyofanya, usimnyime mgonjwa chakula.

Sasa inavyofanya kazi. Kongosho linatengeneza kimeng'enya cha kukata nyama na protini, kinaitwa tripsini. Chukulia ni kisu. Kinatakiwa kisafiri kimefungwa, kifunguliwe kikifika kwenye utumbo mdogo. Kikifunguka mapema kinaanza kukata kongosho lenyewe, ndo hayo maumivu. Mwili una kinga mbili, ya kwanza kisu chenyewe kina sehemu ya kuvunjikia kikifunguka ovyo, ya pili kuna ala ya kukizuia, na hiyo ala ndo kazi ya SPINK1. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waligundua kwenye koo zenye ugonjwa huu kwamba jeni ya kisu, PRSS1, imebadilika pale pale pa kuvunjikia, kwa hiyo kikifunguka hakivunjiki. Kuna nyingine pia, CFTR inayohusika na maji ya kusukuma vimeng'enya kwenye mfereji, na CTRC inayosaidia kuvunja tripsini.

Tofauti yake ni kubwa kwa swali lako. Ile ya PRSS1 mzazi mmoja tu anatosha, kila mtoto wa mwenye nayo ana nusu kwa nusu ya kuichukua, na wanaoichukua kama 80 kwa 100 wanaugua. Ile ya SPINK1 mtu 1 au 2 katika kila 100 wanatembea nayo na wengi wao hawaumwi maisha yao yote, inaongeza hatari tu mpaka ikutane na kitu kingine. Hicho kitu kinaweza kuwa sigara, pombe au hitilafu ya jeni nyingine.

MkulimaUrambo
Nimesoma nikaona nijitokeze maana mi mwenyewe ndo mgonjwa, miaka 41, tumbaku nalima na nilikuwa navuta kuliko ninavyouza. Dada hiyo sigara muipigie kelele leo. Mi nilipoacha, mashambulizi hayakuisha ila yalitoka kila mwezi yakawa mara moja moja kwa mwaka. Muulize pia choo, kama kinaelea kina mafuta na kinanuka vibaya basi chakula hakisagiki, anakula lakini anakonda. Mi nimepewa vidonge vya vimeng'enya, bei inauma kwakweli, na nilivimeza vibaya mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyenieleza: vinamezwa na tonge la kwanza, sio ukishanawa. Na apimwe sukari. Ikiwa ipo muwe makini na dawa, maana kongosho lililoharibika linapoteza na ile homoni ya kupandisha sukari, mi ilishuka nikaanguka shambani.

MamaZai_Ujiji
Mungu awabariki. Kaka wa Urambo, hilo la choo ni kweli kabisa, aliona aibu kulisema. Tabibu, wanangu nifanyeje?

Tabibu_Kaliua
Wewe huumwi, kwa hiyo inawezekana kabisa hukuichukua, na usipokuwa nayo wanao hawawezi kuipata kupitia kwako. Ila isikufanye ujiachie, kwani wapo wachache wanaoibeba bila kuugua. Hakuna haja ya kuwachoma sindano watoto wazima. Akilalamika tumbo la juu linalorudi rudi, mueleze daktari historia ya babu yake hapo hapo, usisubiri dawa ya minyoo ya tatu. Kipimo cha jeni huku wilayani sijawahi kukiona kikifanyika, muulizeni daktari bingwa mtakapopewa rufaa. Kwa sasa chora ukoo wenu kwenye karatasi, nani aliumwa, akiwa na umri gani, nani alipata sukari. Hiyo karatasi mwende nayo.

MamaZai_Ujiji
Narudi wakuu. Nimempigia shangazi Kibondo nikamuuliza taratibu, akanyamaza kwanza, halafu akasema babu yao naye alikuwa anakumbatia mto. Na mjukuu wake wa miaka 9 kalazwa mara mbili mwaka huu, wanasema minyoo. Mdogo wangu kanipa pakiti ya sigara mwenyewe nimeitupa chooni. Kesho shangazi anapanda basi na mtoto, Jumatatu tunaenda wote, karatasi ninayo, nimeandika majina 14.