Kundi la Pikipiki Tudor, Mombasa: V-Strom ya Salim yanywa mafuta

IJUMAA

Salim: Assalam aleikum jamaa. Suzuki V-Strom 650 yangu ya 2008 imeshuka hadi kilomita 15 kwa lita. Nimeambiwa ninunue injekta mpya, zile za kunyunyizia petroli. Kabla sijatoa pesa, nianzie wapi?

Ami Bakari: Waaleikum salaam mwanangu. Injekta ziweke kando kwanza. Hiyo 15 umeipata kwa kuangalia geji ama kwa hesabu?

Salim: Shikamoo ami. Kwa hesabu. Nilijaza Changamwe, nikaenda Voi na kurudi, nikajaza tena. Kilomita 304, lita 20.3.

Ami Bakari: Marahaba. Ulijaza pampu ileile, pikipiki imesimama wima? Ikilalia stendi ya pembeni tangi halijai sawasawa. Ukikosea lita moja kwa 20, hesabu yako imepotea asilimia 5.

Salim: Pampu ileile, na mtu ameishika wima. Petroli imefika chini ya mdomo wa tangi mara zote mbili.

Fundi Kazungu: Basi tuhakikishe kilomita zenyewe. V-Strom hizi za kwanza sensa ya spidi inasoma mzunguko wa sproketi ya mbele, yaani gia inayovuta cheni, si gurudumu. Asili yake ni meno 15 mbele na 47 nyuma. Kama aliyekuuzia aliweka 16 mbele, odomita inaandika pungufu kwa asilimia 6 hivi, na pikipiki inaonekana mlafi bure. Hesabu meno, kisha linganisha na GPS ya simu.

Salim: Nimetoka kuhesabu sasa hivi. 15 na 47. GPS siku ile ilisema 299.

Fundi Kazungu: Basi ulafi ni wa kweli.

Dada Zuhura: Salim, na ukizunguka mjini, Tudor, Nyali, Likoni, inatoa ngapi?

Salim: 17 hivi.

Dada Zuhura: Hapo ndipo penye jambo. Pikipiki hii kwa mwendo wa 100 barabara kuu inatakiwa kutoa 20 hadi 22, na mjini ndiko inakopungua. Yako imegeuka. Shika hilo, litatupunguzia kazi. Mafuta yakizidi kuliwa, ama injini inalishwa kupita kiasi ama kuna kitu kinaishika pikipiki isiende. Breki inayoshika hula kila mahali, mjini na safarini. Kinachozidi ukitoka mjini ni kitu kingine.

Ami Bakari: Upepo. Ulikuwa na masanduku? Na mwendo gani?

Salim: Masanduku mawili ya pembeni na la juu. Mwendo 100 hadi 110.

Ami Bakari: Ukitoka 100 ukafika 120 nguvu ya upepo inapanda asilimia 44, kwa sababu inakua kwa mraba wa mwendo. Halafu msimu huu ni wa kusi. Ukielekea Voi inakusukuma mgongoni, ukirudi Mariakani hadi Miritini inakupiga kifuani, na unachopoteza kurudi ni kingi kuliko ulichookoa kwenda.

Dada Zuhura: Kweli ami, lakini masanduku yatakula kilomita moja au mbili kwa lita. Hayali sita. Na 110 si mwendo wa kuifikisha 15.

Fundi Kazungu: Salim, kesho asubuhi kabla hujaiendesha fanya haya, yote hayana gharama. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi: mbele PSI 33, nyuma 36 ukiwa peke yako, 41 ukibeba mtu au mizigo. Geji za vituoni nyingi zinadanganya, tafuta yako mwenyewe. Inua gurudumu la nyuma, weka gia huru, lizungushe kwa mkono. Pedi zikigusa diski kidogo ni kawaida, lakini gurudumu lisisimame ghafla. Cheni icheze milimita 20 hadi 30, ukipima mahali ilipokaza zaidi, maana cheni iliyochakaa haikazi sawa mzunguko mzima. Kisha endesha kilomita kumi ukitumia breki ya mbele pekee, simama, nyunyizia diski ya nyuma matone ya maji. Yakichemka, kalipa, ile inayobana pedi za breki, inashika.

Fundi Kazungu: Hapa kwetu chumvi ya bahari inaingia kwenye pini za kalipa, zinakauka, pedi hairudi. Dawa ni kufungua, kusugua pini na kupaka grisi ya silikoni. Pistoni isafishe kwa mafuta ya breki ya DOT 4. Usioshe kwa petroli hata siku moja, raba zinavimba na kesho kalipa inashika zaidi ya jana.

Mwanaidi: Fundi samahani nadakia. Yamaha TDM 850 ya mume wangu nayo inanuka petroli na haifiki 14. Ni haya haya?

Fundi Kazungu: Hapana Mwanaidi, hiyo ni ya kabureta, ina ugonjwa wake unaojulikana. Sindano ya kupima petroli ndani ya kabureta hucheza kwenye tundu lake miaka na miaka, tundu linalika linakuwa la yai, mafuta yanapita pembeni. Kabla hamjafungua, angalia waya wa choki kwanza. Ukikaza sana, choki haifungi yote na injini inalishwa kama ya asubuhi mchana kutwa. Lazima waya uwe na mchezo mdogo choki ikiwa imerudishwa.

Mwanaidi: Ahsante. Nitamwambia.

JUMAMOSI

Salim: Ripoti. Tairi la mbele 31, la nyuma 28. Gurudumu linazunguka vizuri, maji kwenye diski hayakuchemka. Cheni 25. Matairi nimeshayajaza.

Ami Bakari: 28 nyuma na mizigo! Hiyo peke yake imekula kitu, na tairi lako limeteseka kwa moto na uzito. Angalia kingo zake.

Salim: Kingo zimelika kidogo kweli. Nimetoa plagi zote nne pia. [picha]

Dada Zuhura: Zote nne nyeusi, kavu, masizi ya kufutika kwa kidole. Huo ni mafuta mengi. Ingekuwa oili zingekuwa na unyevu unaong'aa. Na tazama: silinda ya mbele na ya nyuma zimefanana. Ingekuwa moja tu nyeusi, ningeshuku kofia ya plagi, koili au injekta ya upande huo. Zikifanana, chanzo ni kitu zinachoshiriki.

Fundi Kazungu: Ukirudisha plagi ya mbele, tafuta kitundu kidogo cha kutolea maji ubavuni mwa silinda. Gurudumu la mbele hurusha tope, kitundu kinaziba, mvua ya masika inajaa kwenye shimo la plagi na moto unavuja. Si ugonjwa wako leo lakini kizibue, utepe wa waya unatosha. Plagi ni CR8E ya NGK, nafasi milimita 0.7 hadi 0.8.

Ami Bakari: Filta ya hewa je? Njia ya Kaloleni ina vumbi jekundu. Filta ikiziba mafuta yanazidi.

Dada Zuhura: Kwenye kabureta ndiyo ami, tena sana. Kwenye injekta kompyuta inapima presha ya hewa iliyoingia, hewa ikipungua inapunguza na mafuta. Filta chafu inakunyima nguvu zaidi kuliko inavyokula petroli. Abadilishe kila kilomita 18,000, lakini haitapaka plagi rangi hiyo.

Dada Zuhura: Salim, umesoma kodi za kompyuta?

Salim: Ndiyo, nimeunganisha waya mweupe wenye mstari mwekundu na mweusi wenye mstari mweupe kwenye kisoketi cha uchunguzi. Imeandika C00.

Dada Zuhura: Hakuna kosa lililoandikwa. Sasa swali nililolishika tangu jana: geji ya joto la maji. Ukiwa kwenye foleni ya feri inasimama wapi, na ukiwa Mackinnon Road kwa 100 inasimama wapi?

Salim: Kwenye feri inapanda mpaka katikati, feni inawaka. Njiani inashuka, vijiti viwili tu vya chini. Nilidhani ndiyo afya.

Dada Zuhura: Si afya. Ndiyo mafuta yako hayo.

Fundi Kazungu: Thamostati!

Dada Zuhura: Ndiyo mlango unaozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Ikikwama wazi, maji yanapita rejeta tangu injini inapowaka. Mjini hakuna upepo, kwa hiyo joto linapanda na hasara haionekani sana. Barabara kuu upepo unaipoza rejeta kupita kiasi, injini haifiki joto lake, kompyuta inaona baridi na kuongeza petroli kama vile umeiwasha alfajiri. Ndiyo maana safari inakula kuliko mji. Na C00 ni kweli tupu, kwa sababu sensa inasema ukweli: injini ni baridi.

Salim: Nihakikisheje bila kufungua?

Fundi Kazungu: Iwashe ikiwa baridi kabisa. Shika paipu inayotoka thamostati kwenda rejeta. Ikiwa nzima, paipu inabaki ya kawaida dakika kadhaa huku geji ikipanda, halafu inakuwa moto ghafla. Ikipata joto polepole tangu mwanzo, imekwama.

Dada Zuhura: Pima na sensa yenyewe usije ukaibandikia thamostati kosa lake. Chomoa soketi yake, mita ya umeme kwenye omu. Kwa joto la hapa, nyuzi 30, usome kilo-omu 1.6 au 1.7. Kwa nyuzi 80 iwe karibu 0.3. Ikisoma juu sana ikiwa moto, inaidanganya kompyuta.

Salim: Sensa 1.68 asubuhi hii. Paipu imepata joto polepole tangu mwanzo. Nimesubiri ipoe, nikamwaga kulanti, yaani maji ya kupoza injini, nikafungua kifuniko cha thamostati. Ndani hamna kitu. Imetolewa.

Ami Bakari: Ndivyo wanavyofanya karakana nyingi za pwani. Wanasema joto la hapa halihitaji thamostati.

Dada Zuhura: Na hapo ndipo wanapowaumiza watu. Injini ikishapata moto thamostati huwa wazi tayari, kwa hiyo kuitoa hakuipozi kwenye foleni. Kinachopoza foleni ni feni, maji safi na rejeta isiyoziba. Wanachokuachia ni petroli inayooshea kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Nusa oili yako.

Salim: Inanuka petroli. Na kwenye kioo cha kupimia oili imepita alama ya juu.

Fundi Kazungu: Imwage. Usiendeshe safari na oili hiyo, imekuwa nyepesi. Weka 10W-40 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, filta mpya, jaza hadi katikati ya alama mbili za kioo pikipiki ikiwa wima.

Fundi Kazungu: Thamostati agiza kwa namba ya fremu, pamoja na raba yake ya kuzuia kuvuja. Ikifika ijaribu sufuriani: banika uzi kwenye mlango wake, itundike ndani ya maji na kipimajoto, isiguse chini. Ikifunguka uzi unaachia na inaanguka. Hiyo iwe karibu nyuzi 88. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yanachemka 100, kwa hiyo lazima ianguke kabla hayajachemka. Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, si ya bomba, chumvi ya visima vyetu inakula alumini. Mimina polepole, iwashe, vuta throto mara chache, mapovu yatoke, ongeza, ndipo ufunge. Ikipoa angalia tena kopo la akiba.

JUMAMOSI ILIYOFUATA

Salim: Thamostati imeingia, plagi na oili mpya. Geji inasimama palepale feri na njiani. Malindi na kurudi bila masanduku: kilomita 238, lita 11.6.

Dada Zuhura: 20.5. Sasa irudie na masanduku kwa mwendo uleule, ujue yanakula ngapi hasa. Na ukifika kilomita 24,000 tangu kipimo cha mwisho, valvu zipimwe: za kuingiza milimita 0.10 hadi 0.20, za kutoa moshi 0.20 hadi 0.30.

Mwanaidi: Fundi, choki ya TDM inarudi sawa. Niagize sindano peke yake?

Fundi Kazungu: Agiza sindano mbili na matundu yake mawili. Sindano mpya ndani ya tundu lililolika haitabadilisha kitu. Leta kabureta zikiwa zimefungwa pamoja, msizitenganishe, ili tuzisawazishe palepale.