Umetoa kadi ya dina mbele ya kamati ya Bunge! Wana Houston njooni huku

Mama Zamu ya Usiku:

Wakuu, sijalala, sijala, na sitaki kutulizwa na mtu. Tumerudi kutoka Austin, kwenye Bunge la Texas, alfajiri hii na mikono bado inanitetemeka. Mwenyekiti wetu wa jumuiya simtaji jina. Mnamjua. Kama umewahi kuhudhuria msiba, harusi au ubatizo wowote kuanzia Katy mpaka Sugar Land, basi kipaza sauti umeshamwona nacho, na hajakirudisha mpaka leo.

Alitoa kadi. Mbele ya kamati. KADI!

Nirudi nyuma kidogo nisije nikaambiwa napayuka. Muswada huu wa mshahara wa wahudumu wa majumbani si wa kuchezea. Bunge la Texas halikai kila mwaka. Linakutana mwaka huu wa 2025, siku 140, likifungwa ndiyo mpaka 2027. Mwaka 2023 walipandisha kima chetu kutoka dola 8.11 kwa saa hadi 10.60. Dola kumi na senti, umwinue mzee wa kilo tisini kitandani, umwogeshe, umlishe, ubadilishe shuka, halafu uendeshe gari lako kwa mafuta yako kwenda kwa mzee wa pili. Mgongo wangu unajua ninachosema. Kwa hiyo tulipoambiwa muswada una siku yake kwenye kamati ya Baraza la Wawakilishi, tuliomba ruhusa kazini, wengine wakakatwa zamu, tukaenda.

Tangazo linasema kamati itaanza Baraza zima likishaahirisha kikao. Anayejua Austin anajua maana yake: hakuna saa. Unafika asubuhi, unashushwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, huoni jua, kiyoyozi kinakutafuna mifupa, unangoja. Na asubuhi hiyohiyo kila mmoja wetu alikuwa na nafasi ya kujiandikisha kwenye zile mashine za ukutani. Unaandika jina, unachagua: naunga mkono, napinga, au sina upande. Halafu unachagua kama utazungumza au la. Bure. Huhitaji cheo chochote.

Yeye akasimama mbele ya mashine, mikono ameitanua. "Dada zangu, msihangaike. Tukiongea wengi tutawachosha wakubwa. Nitasema kwa niaba yenu."

Tukamkabidhi karatasi yetu. Ukurasa mmoja. Tuliuandika jikoni kwangu, tukafuta, tukaandika tena, tukaupima kwa saa ya simu mpaka ukaingia kwenye dakika mbili, kwa sababu dakika mbili ndizo tulizoambiwa. Humo mlikuwa na mzee ninayemhudumia, mwanajeshi mstaafu, aliyebadilishiwa wahudumu mpaka akaacha kuwauliza majina kwa sababu hakuna anayekaa kwa mshahara ule. Basi. Asome tu.

Jina lake likaitwa inakaribia saa sita usiku. Akainuka, akafunga vifungo vya koti, akampa mtu simu ampige picha.

Dakika nzima ya kwanza ni salamu. Alisalimia wajumbe mmoja mmoja, alisalimia makarani, alisalimia bendera. Akataja vyeo vyake vyote mpaka ukatibu wa timu ya mpira ambayo haijacheza mechi tangu Kikwete yuko Ikulu. Akamshukuru mke wake. Kisha mkono ukaingia mfuko wa ndani wa koti, nikasema moyoni, haya, sasa karatasi inatoka.

Ikatoka kadi. Ya utepe wa dhahabu. Mwaliko wa dina ya jumuiya. Na wakati inatoka iliivuta karatasi yetu nusu, nimeiona kwa macho yangu, imekunjwa mara nne, inachungulia. Akairudisha ndani kwa kidole gumba. Kwa kidole gumba, wakuu! Halafu akaendelea kuwaeleza waheshimiwa kwamba ukumbi una maegesho ya kutosha.

MAEGESHO.

Kengele ikalia. Mjumbe mmoja, mama wa watu, akamuuliza kwa upole: bwana, unaunga mkono muswada au unapinga? Naye bila aibu: "Tunaunga mkono kazi nzuri ya kamati hii." Kumbe asubuhi alijiandikisha kwamba hana upande! Sasa hivi mtu akifungua kumbukumbu za kikao kile, hatumo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunga mkono muswada wetu wenyewe. Kuna kadi tu. Na muswada umeachwa kiporo.

Kwenye gari la kurudi, tumefika Columbus, mji wa njiani, watu kimya, mwenzetu mmoja analia chinichini, Mwenyekiti akageuka akauliza nani hajachukua tiketi ya dina.

Kijiwe Nongwa: Nimefika, siti ya mbele. Anayeuza karanga apite huku.

Dada wa Bissonnet: Nilikuwepo. Mleta mada kapunguza. Baada ya kengele alitaka kumpelekea mwenyekiti wa kamati ile kadi mkononi, karani akamzuia.

Mzee Mwambao: Poleni mabinti zangu. Huyo bwana alizungumza kwenye maziko ya shemeji yangu mpaka marehemu akachelewa.

Chuma cha Doha: Mimi nawashangaa nyie. Watu wazima, mna akili, mashine iko mbele yenu, mnamwachia mtu mmoja awasemee? Mngebonyeza. Kidole kimoja tu. Halafu mnakuja kulia humu.

Mama Zamu ya Usiku: @Chuma cha Doha wewe uko Qatar, kaa na joto lako. Tulimwamini kwa sababu ndiye aliyejua njia. Sisi wengine ilikuwa mara ya kwanza kuingia mle. Mtu akikwambia "nitasema kwa niaba yenu" na umempa maneno yameandikwa, unategemea atasoma maneno. Hutegemei atoe kadi. Alikuwa na dakika mbili, zote zetu, na karatasi iko mfuko uleule!

Mkataba: Naomba nisaidie kidogo maana nimeshafuata miswada miwili mle ndani. Kuachwa kiporo si kifo. Karibu kila muswada ukishasikilizwa kwenye kamati unaachwa hivyo, kura inapigwa siku nyingine, mara nyingi bila kelele. Shida inaanza ukishapita hapo. Unaenda kwenye kamati ya Kalenda, na wao ndio wanaamua ufike ukumbini lini, au usifike kabisa. Muswada wa Baraza usipopita hatua ya pili ukumbini kufikia siku ya 122, umekwisha, hata kama watu wote 150 wanaupenda. Ndiyo maana mwishoni wabunge wanaongea ovyo makusudi ili saa iwamalize wenzao. Mwaka 2023 iliwasilishwa zaidi ya miswada 8,000, iliyopita ni kama 1,200 na kitu. Kwa hiyo kalieni simu. Kila mmoja ampigie mbunge wa eneo ANALOISHI, si wa kamati, ataje namba ya muswada na aseme anafanya kazi gani. Ofisi zile zinahesabu simu.

Mkataba: Na nyongeza: mngeweza pia kutuma maoni kwa maandishi kwenye tovuti ya Baraza mpaka kikao kinafungwa. Hata ukiwa umekaa mle chumbani.

Dada wa Bissonnet: Hilo yeye alilijua?

Mkataba: Alilijua. Mwaka 2023 mimi ndiye niliyemfundisha.

Kijiwe Nongwa: Yesu na Maria.

Mpenda Amani77: Tusichafuane hadharani ndugu zangu. Kiongozi amejitolea gari lake na mafuta yake. Kuwaalika waheshimiwa ni diplomasia. Wakija kwenye dina watatufahamu kama jumuiya, na miswada ijayo itapita kirahisi. Mleta mada ana hasira binafsi.

Chuma cha Doha: Mpenda Amani amejiunga leo asubuhi. Ujumbe mmoja. Huu huu.

Mzee Mwambao: Mwenyekiti, vua barakoa mwanangu.

Mama Zamu ya Usiku: Mafuta tulichanga! Kila mtu alitoa! Na diplomasia gani ya kumwambia mbunge "vazi ni la heshima" wakati mwanamke ameketi nyuma yako na sare ya kazi kwa sababu ametoka zamu moja kwa moja? Wabunge wale wanalipwa na jimbo dola 600 kwa mwezi na posho, wengi wana kazi nyingine, wamekaa mpaka usiku wa manane kutusikiliza sisi. Yule mama mjumbe alikuwa ameshika kalamu. Alitaka kuandika. Akaandikiwa nini? Kadi!

Mtoto wa Saint Paul: Nyie Texas mna afadhali, mmefika mpaka ndani. Sisi Minnesota kiongozi wetu alitukusanya Januari hii tukaonane na wabunge, kumbe Baraza limebanana 67 kwa 66, kiti kimoja kiko wazi, na upande mmoja umesusa kabisa kuingia ukumbini. Tumesimama na mabango kwenye theluji tunamngoja mtu ambaye amegoma kuja kazini. Ukimuuliza kiongozi anasema alikuwa hajasoma habari.

Kijiwe Nongwa: Kwenye theluji? Na mabango? Haha, mlivaa nini?

Mtoto wa Saint Paul: Usiniulize. Mabango yaliganda.

Wa Kwetu Kilifi: Ati dakika mbili na mnalalamika? Hamjaona ushirikishwaji wa umma wa kaunti huku Kenya. Katiba kifungu cha 196 kinasema bunge la kaunti lazima liwashirikishe wananchi. Sawa. Wanakuja na muswada wa fedha mrefu kama barabara ya Garissa, nakala ni moja, ameishika karani. Mnapewa soda na mkate, mnaandika majina na namba za vitambulisho, mnaambiwa asanteni kwa maoni. Maoni gani? Mimi niliandika "Fanta haikuwa baridi." Baadaye ada ya kibanda ikapanda na ripoti inasema wakazi waliunga mkono.

Mzee Mwambao: Afadhali nyinyi mlipewa soda.

Wa Kwetu Kilifi: Mzee, soda ya kupandishiwa ada ya kibanda si soda.

Chuma cha Doha: Hapo kwenye chakula ndipo ninapotaka kuuliza. Hiyo dina ya mwaka jana ni kweli pilau iliisha saa mbili?

Dada wa Bissonnet: Iliisha kabla ya meza za nyuma kuitwa. Dola 75 tiketi. Nimekula saladi na hotuba.

Fundi Seremala Dallas: Sisi tuliendesha gari kutoka Dallas, watu wanne, dola 300. Tulipofika tukaambiwa meza yetu wamekalishwa wafadhili. Tumesimama ukutani mpaka keki. Na bendi ilikuwa simu imechomekwa kwenye spika.

Kijiwe Nongwa: Wafadhili gani wasiojulikana hao?

Fundi Seremala Dallas: Mtu wa bima na mtu wa kuuza magari.

Mama Zamu ya Usiku: Jamani, muswada. Mkataba katoa maelekezo pale juu. Naomba kila aliye Texas apige simu Jumatatu. Tumesahau kwamba wakati ule mzee wa watu anasubiri mhudumu, huyu alikuwa anaeleza maegesho. Hata neno "mshahara" hakulitamka. Nimejaribu kukumbuka usiku kucha kama alilitamka. Hakulitamka.

Mkataba: Nipo nawe dada. Nitumie namba ya muswada faraghani nitafute tarehe ya kura.

Mpenda Amani77: Kuhusu pilau naomba kutoa ufafanuzi. Mpishi alipewa idadi ya wageni 120 lakini wakaja zaidi kwa sababu watu walileta watoto ambao hawakulipiwa.

Dada wa Bissonnet: HAHAHA. Sasa wewe Mpenda Amani idadi aliyopewa mpishi umeijuaje?

Mzee Mwambao: Kajileta mwenyewe.

Fundi Seremala Dallas: Mwenyekiti kwa kuwa umeshafika, naomba hesabu ya mapato ya mwaka jana. Dola 75 mara 120, na hapo bado wale wa bima.

Mpenda Amani77: Mimi si Mwenyekiti. Hesabu zitasomwa kwenye dina.

Fundi Seremala Dallas: Kwa hiyo ili nisikie hesabu ninunue tiketi?

Wa Kwetu Kilifi: Huyu angekuwa MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, kwetu, kiti angekalia vipindi vitatu.

Mtoto wa Saint Paul: Tiketi mwaka huu ni bei gani?

Dada wa Bissonnet: 90.

Chuma cha Doha: Na pilau?

Dada wa Bissonnet: Kadi imeandika "vitafunio".