Soni, sonara na Shroff

Kikundi: Majirani wa Mtaa

Salma: Shikamooni. Jina la Soni la Wahindi ndiyo hilo sonara letu, au yamefanana tu?

Mwalimu Faki: Marahaba. Shina ni moja. Kisanskriti suvarna ni dhahabu, kara ni mtengenezaji: suvarnakara. Vinywa vikalipunguza polepole. Kihindi sunar, Kimarathi sonar, Kigujarati soni. Sisi tukaongeza irabu mwishoni, basi.

Mwalimu Faki: Na suvarna yenyewe ni "rangi nzuri". Su ni nzuri, varna ni rangi.

Fundi Shaban: Zaveri, jina jingine la Wahindi, msimtie humo. Jina lake latoka Kiarabu, jawhari, ndugu wa johari yetu. Soni anafua, Zaveri anauza vito. Shroff, nalo jina la Wahindi, ni sarrafu, mbadilishaji wa fedha, shina moja na sarafu iliyo mfukoni mwako Salma.

Salma: 😂 Kumbe! Kwa hiyo kila Soni ni sonara?

Mwalimu Faki: Hapo ndipo wengi huteleza. Gujarat na Rajasthan jina latokana na kazi. Wapo Soni wa jamii ya Shrimali, wapo wa Parajiya. Lakini Punjab, Soni ni ukoo mmojawapo wa Wakhatri, watu wa biashara. Uliza kwanza kwao ni wapi na nyumbani walisema lugha gani. Tena masonara wengi wa kaskazini hujiita Verma, jina lisilotaja dhahabu hata kidogo.

Bi Zuhura: Na tola, kipimo cha dhahabu?

Fundi Shaban: Ya huko huko, bibi. Tola 1 ni gramu 11.66. Kizamani walipimia mbegu nyekundu yenye doa jeusi, ratti. Ratti 8 ni masha 1, masha 12 ni tola 1, yaani mbegu 96. Mbegu hazitoshani uzito, na kasoro ndogo ukiizidisha mara 96 mtu keshapunjwa.

Bi Zuhura: Dhahabu ya karati 22 je?

Fundi Shaban: Sehemu 22 kati ya 24. Dhahabu safi gramu 11, shaba na fedha pamoja gramu 1, unapata 12. Kwa hiyo tola ya karati 22 ina dhahabu safi gramu 10.69 tu. Shaba ikizidi huwa nyekundu, fedha ikizidi hupauka.

Bi Zuhura: Lile jiwe jeusi la masonara la kupimia dhahabu linafanyaje kazi?

Fundi Shaban: Kasauti. Sugua pete ikaache mstari, kando yake sugua sindano yenye ncha ya dhahabu ya karati unayoijua. Dondoshea tindikali juu ya yote miwili. Wa shaba huchemka kijani ukapotea. Wa dhahabu hubaki, nawe unalinganisha upi umefifia zaidi. Tindikali ya karati 14 haipimi 22, kila kiwango kina mchanganyiko wake. Na kabla ya yote piga tupa kidogo mahali pasipoonekana, maana kitu kilichochovywa dhahabu juu tu kitakupa mstari wa ngozi yake tu.

Salma: Na Sony ya redio?

Mwalimu Faki: Hiyo ya Wajapani, mwanangu. Haimo.